Kabla Tipa la Kwanza Halijaingia: Namna ya Kukiandaa Kijiji Kinapoletewa Mradi wa Nyumba

Mpima ardhi alifika kwetu kwa boda boda, mchana wa jua kali, amebeba chombo chenye miguu mitatu begani. Tulimpa maji ya kunywa na kipande cha fenesi. Hakuna aliyemuuliza ametumwa na nani. Mwenyekiti wetu alidhani ni mtu wa barabara, mimi nilidhani ni wa umeme, na watoto wakamshikia kamba. Miezi minne baadaye lile shamba la eka 60 nyuma ya msikiti lilizungushiwa mabati, na tipa za marram zikaanza kupita alfajiri mpaka usiku.

Juzi wazee wa kijiji cha ng'ambo ya kinamasi walikuja nyumbani kwangu na barua ya mwaliko wa mkutano. Nao wanaletewa nyumba. Waliniuliza waanzie wapi, na nilivyowajibu ndivyo ninavyoandika hapa, kwa utulivu zaidi, ili na wengine wapate.

Mimi ni katibu wa mazingira katika kamati ya LC1, yaani baraza la kijiji. Kijiji chetu kiko kilomita chache kutoka Bombo, karibu na mpaka wa wilaya za Wakiso na Luweero, Uganda. Tuko Wanubi, Waganda, Walugbara na wastaafu wa jeshi wa kila kabila, kwa hiyo mikutano yetu huenda kwa Kiswahili na Kiganda. Sipingi watu kujengewa nyumba. Wilaya ya Wakiso ilikuwa na watu wapatao 908,000 katika sensa ya 2002. Ile ya 2014 ikakuta karibu milioni 2, na ya 2024 ikakuta zaidi ya milioni 3. Watu hao lazima walale mahali. Kinachoniuma ni kwamba siku nilipoonyeshwa ramani ya mradi, niliona barabara za ndani, bustani, uwanja wa watoto, hata miti imechorwa moja moja. Nje ya ukuta karatasi ilikuwa nyeupe. Kisima chetu hakikuwapo, wala njia ya shule, wala makaburi. Yule aliyechora hakuwa na ubaya nasi. Hakuwa na karatasi yoyote ya kumwambia kwamba tupo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni kukiandika kijiji chenu.

Daftari

Nunueni daftari nene lenye jalada gumu. Kabla hamjaandika neno, tieni namba kila ukurasa kwa kalamu ya wino, kuanzia 1 mpaka mwisho. Baba yangu alikuwa karani jeshini na ndivyo alivyofanya na kila kitabu: ukurasa ukichanwa, pengo linaonekana. Mwenyekiti agonge muhuri kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Kisha tembeeni. Wasiende wanaume wa kamati peke yao. Kundi letu la kwanza lilikuwa la wanaume wanne, wakarudi na mipaka yote ya bibanja (viwanja vya wanaokaa juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine; kimoja ni kibanja), safi kabisa, lakini hawakuleta njia ya kisima cha chini wala njia ya kuni, wala vile vishamba vya muhogo ambavyo wajane watatu walikuwa wakilima kwa kuazimwa pembeni mwa lile shamba kubwa. Kwa mwanaume anayepita na baiskeli barabarani, vitu hivyo havipo. Siku ya fidia vishamba vile havikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na wale wajane hawakupata hata shilingi. Kwa hiyo awepo mzee anayejua mipaka, awepo mwanamke anayechota maji kila siku, na awepo kijana mwenye simu ya kupiga picha na kuonyesha mahali.

Andikeni kila kibanja: nani anakaa, aliingia lini, kwa ruhusa ya nani, amepakana na nani kila upande, na mpaka unaonekana kwa kitu gani, kama ni mti wa mutuba, kichuguu au mtaro. Hesabuni mibuni moja moja, pamoja na migomba, miembe na mifenesi. Msiandike "kahawa nyingi". Bodi ya ardhi ya kila wilaya hutengeneza orodha ya bei za mazao na za nyumba zisizo za kudumu kwa ajili ya fidia. Ombeni nakala wilayani, mwone kwamba mti mchanga na mti unaozaa havina bei moja. Mwekezaji binafsi hulipa kwa mapatano, lakini mkiwa na orodha ile mkononi mazungumzo huanzia juu ya sakafu.

Andikeni makaburi yote, hata yale yasiyojengewa. Andikeni njia: inaanzia wapi, inafika wapi, upana wake hatua ngapi, nani anaipita. Njia ya watoto kwenda shule, njia ya ng'ombe kwenda majini, njia ya kubeba jeneza. Hii ya mwisho tuliisahau, na siku tulipofiwa na bibi mmoja wa upande wa mashariki tulizunguka ukuta karibu nusu saa, jeneza mabegani, mvua inanyesha.

Na maji. Nawaomba mfanye hili hata kama mengine yote yatawashinda. Chagueni Jumamosi moja ya kiangazi na nyingine ya mvua, vijana wakae kisimani kwa zamu tangu alfajiri hadi jua kuzama, wahesabu jerikeni zinazojazwa, na muda ambao jerikeni moja ya lita 20 inachukua kujaa. Andikeni tarehe. Chukueni maji kwenye chupa nyeupe, mpige picha mkiishika juani. Sisi hatukufanya. Kisima kilipoanza kutoa maji ya kahawia na kwa uchache, tulimwendea meneja wa mradi. Alitusikiliza vizuri, kisha akauliza, "Kimepungua kutoka kiasi gani?" Tukatazamana. Miaka 40 tumechota pale na hakuna aliyewahi kuhesabu.

Ardhi ni ya nani, na wewe ni nani juu yake

Nchi yetu ina aina nne za umiliki kwa Katiba ya 1995: wa kimila, frihodi (wa kudumu), mailo na lizi (wa kukodi kwa muda). Huku Buganda ardhi nyingi ni mailo, iliyotokana na Mkataba wa 1900: mwenye hati ni mmoja, na wanaokaa juu ni wenye bibanja. Mkisikia "shamba limeuzwa", maana yake hati imehama. Kibanja chako hakijauzwa kwa sababu hiyo. Aliyenunua amenunua pamoja na wewe.

Tafuteni namba ya bloku na ploti, mwende ofisi ya ardhi ya kanda yenu muombe upekuzi wa hati. Mtaambiwa nani ameandikishwa, kama kuna mkopo wa benki juu ya hati, na kama kuna kaveti, yaani zuio lililowekwa juu ya hati isihamishwe. Msimtume broka. Nendeni wawili, mmoja wa kamati na mmoja mwenye kibanja, mrudi na karatasi mkaisomee kijiji mkutanoni. Kwetu uvumi ulitaja majina matatu makubwa makubwa. Jina lililokuwa kwenye hati halikuwa hata moja kati ya hayo.

Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mwenye kibanja wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi, au aliyekuwa chini ya ile sheria ya zamani ya 1928 ya busuulu (kodi ya kila mwaka ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye ardhi), au aliyenunua au kurithi kutoka kwa mtu wa namna hiyo. Wa pili ni yule aliyekaa au kulima bila kupingwa na mwenye ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla Katiba haijaanza kazi, yaani tangu kabla ya Oktoba 1983.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya watu wetu. Wanubi wengi wa Bombo walikimbia baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, wakakaa Sudan na kwingineko, wakarudi baada ya 1986. Na majirani zetu wa Luweero, vita vya msituni viliwatoa makwao miaka hiyo hiyo ya 1981 mpaka 1986. Mtu akikuuliza tu, "Mwaka 1983 ulikuwa wapi?", familia nyingi hapa zitakosa neno, na ziko zilizokubali pesa ndogo kwa sababu ya swali hilo moja. Usijibu harakaharaka. Tafuta njia ile ya kwanza: risiti za zamani za busuulu za babu yako, barua, ushahidi wa kanzu iliyopelekwa kwa mwenye ardhi wakati wa kuingia, makaburi ya kabla ya vita, jirani mzee aliyekuwepo. Mama yangu alizitoa risiti za baba yake kwenye kopo la chai, zimekunjwa ndani ya kipande cha khanga. Tangu utotoni nilidhani ni dawa. Mpelekeeni mwanasheria karatasi hizo kabla hamjakaa na mnunuzi, msisubiri mpaka mmeshasaini.

Lipa busuulu ya kila mwaka na uweke risiti. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2010, mwenye kibanja halali hatolewi isipokuwa kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu tu. Mwenye ardhi mpya akikataa kuipokea, muandikieni barua ya kwamba mmeleta, nakala ipelekwe gombolola (ofisi ya tarafa) na kwa RDC (mwakilishi wa rais wilayani), na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu. Ukitaka kuuza kibanja, sheria inakutaka umpe kwanza nafasi mwenye ardhi. Naye akitaka kuuza ardhi, akupe kwanza wewe. Na mume hawezi kuuza ardhi ambayo familia inaishi na kula juu yake bila mke wake kukubali. Nasema hili la mwisho kwa sauti kwa sababu kwetu wanaume wawili walisaini wakiwa hotelini mjini, na wake zao waliujua uuzaji siku greda lilipofika mlangoni. Mke mmoja aliwahi kuweka kaveti, na nyumba yake ingalipo.

Hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya

Mradi ukitajwa kwa eka, ugeuzeni kuwa watu. Eka moja ni desimali 100. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ndiyo ya kawaida, ni kama desimali 11 na nusu. Ukitoa barabara za ndani, eka moja inabeba ploti 7 hivi. Eka 60 zetu zilikuwa basi nyumba 420, na kwa watu watano kila nyumba, watu 2,100. Kijiji kizima kilikuwa na nyumba 96. Hesabu hii nilikuja kuifanya usiku mmoja nyuma ya kalenda, kuta zikiwa tayari zimesimama, nikalia.

Halafu geuzeni mapaa kuwa maji. Paa la mita 10 kwa 12 ni mita 120 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 40 ikinyesha juu yake inatoa lita 4,800, yaani jerikeni 240. Zidisha kwa nyumba 420: zaidi ya lita milioni 2 kwa mvua moja, ambazo zamani zilinywewa na shamba la kahawa na majani, na sasa zinatafuta pa kuteremkia. Simameni mahali pa juu muangalie chini kuna nini. Kwetu chini kulikuwa na bibanja sita na choo cha shule. Huu ndio mtaro wa kuulizia, na muuulizie kwa tarakimu hizi. Mhandisi ukimwambia "tutafurika" atakutuliza, lakini ukimwambia lita milioni 2 atatoa kalamu.

Vivyo hivyo vyoo. Ulizeni kama nyumba zitakuwa na mashimo yao au bomba moja la kwenda kusafishwa, na mashimo yatakuwa mbali kiasi gani na kisima, tena upande wa juu au wa chini yake.

Mkutano

Mradi mkubwa wa nyumba unatakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira na jamii kabla ya kibali, chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo inayoipitia. Ndani ya tathmini hiyo wataalamu lazima wasikilize wanaoishi karibu. Mkutano mnaoalikwa, wenye soda na chapati, mara nyingi ndio huo. Ulizeni mwanzoni kabisa: "Je, huu ni mkutano wa tathmini? Taarifa itakwenda wapi, na sisi tutaisoma lini?"

Kuna karatasi ya mahudhurio. Itazungushwa mapema, jina, simu, saini. Karatasi hiyo huambatishwa kwenye taarifa kuonyesha kwamba wananchi walishauriwa, na anayeisoma mbali hawezi kujua kama ulikaa kimya kwa kuridhika au kwa kutoelewa. Saini, kwa sababu usiposaini hukuwepo. Lakini juu ya karatasi andikeni kwa mkono: "Tumehudhuria. Maoni yetu yako kwenye barua ya kijiji." Na barua hiyo muwe nayo tayari, imetolewa kwenye daftari, na nakala zake ziende kwa ofisa wa mazingira wa wilaya, kwa mpangaji wa miji wa wilaya, gombolola na NEMA yenyewe. Sheria ya Mipango ya 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo ile kauli ya "huku ni kijijini, hakuhitaji mpango" msiipokee.

Ombeni lugha yenu. Kwetu mtaalamu alizungumza Kiingereza dakika 40, mfasiri akafasiri kwa dakika 5. Hajati mmoja alisimama akasema, "Mwanangu, zile dakika nyingine 35 zimekwenda wapi?" Mkutano ukaanza upya kwa Kiswahili na Kiganda, na ndipo tulipopata habari kwamba ukuta ungepita juu ya njia ya shule. Mwanamke yule hajui kusoma, na ndiye aliyeiokoa njia ile.

Kinamasi msikiachie. Katiba imeviweka vinamasi, mito na maziwa mikononi mwa serikali kama amana kwa raia wote, na kando ya mto mdogo kanuni zinataka mita 30 ziachwe. Pimeni kwa futi kamba yenu wenyewe na mpige picha kabla udongo haujamwagwa.

Mnachoomba

Hapa nitakuwa mfupi, maana kila kijiji kina lake. Ombeni vitu vinavyoweza kupimwa na kupewa tarehe. "Kuendeleza jamii" si kitu. Mtaro wa upana huu kutoka hapa mpaka pale kabla ya msimu wa mvua wa Machi ni kitu. Bomba la maji nje ya ukuta, mita ikiwa kwa jina la kamati. Tipa zisipite barabara ya shule asubuhi watoto wakienda na alasiri wakitoka. Kwetu mtoto mmoja alivunjika mguu ndipo hilo likakubaliwa. Barabara ya marram irudishwe hali yake baada ya ujenzi. Yote yaandikwe, yasainiwe na mtu mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni, mbele ya mwanasheria au gombolola.

Kuhusu kazi: vijana wetu walipata vibarua kama miaka miwili, kisha nyumba zikaisha. Waliotoka na ufundi wa kupiga plasta, umeme na mabomba bado wanakula. Waliobeba tu matofali walirudi kukaa barabarani. Basi ombeni ufundi, vijana kwa idadi, kila mmoja chini ya fundi.

Na waliouza, kaeni nao kabla pesa hazijafika. Familia tatu kwetu zilinunua kwanza ardhi nyingine upande wa Nakaseke, na hao wako salama. Sitaeleza habari za wengine, kwa sababu ni majirani zangu.

Watakaohamia

Wale wa ndani ya ukuta watakuwa wananchi wa LC1 yenu, wenye haki ya kuwapigia kura na ya kuomba barua ya mwenyekiti kama nyinyi. Mwenyekiti wetu alipokwenda kujitambulisha, askari wa getini alimzuia nje. Aliumia sana, akaapa hatarudi. Mwaka mzima tulikaa hivyo, wao hawatujui, sisi tunawaita "watu wa mabati" hata baada ya mabati kuondolewa.

Kilichobadilisha ni msiba. Mama mmoja wa ndani alifiwa na mume ghafla usiku, na hakuwa na ndugu karibu. Kundi letu la munno mukabi, lile ambalo sote tunachangia sufuria, mikeka na pesa za mazishi, lilikwenda na kuni na unga bila kualikwa. Askari alifungua geti. Leo mama huyo ni mweka hazina wetu, na ndiye aliyetuandikia barua iliyofanya mtaro uchimbwe upande wa shule. Kwa hiyo msingoje mwaka. Nyumba ya kwanza ikiingia watu, mpelekeeni mwanachama mmoja na daftari la munno mukabi, na mchango wa kila mwezi uwe ule ule kwa wote.

Wazee wa ng'ambo wamekubali kuanza Jumamosi hii, saa moja asubuhi, kwenye mwembe wa shule. Mimi nitakuja na daftari jipya na futi kamba ya mita 50. Wao nimewaomba walete jerikeni moja tupu isiyovuja, saa yenye mshale wa sekunde, na yule dada anayechota kisima cha chini.